Ukaguzi wa uwanja wa ndege: samli ya mama imeishia kwenye pipa (uzoefu wangu)

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa huku kati, Dodoma, Singida, Manyoni huko, wote mnaopanda ndege na vitu vya nyumbani mkononi, asali, samli, mafuta ya alizeti, karanga za kusaga, maana sisi hatusafiri mikono mitupu na kule tunakokwenda wanatusubiri na hivyo vitu. Niseme mapema, na usalama sina ugomvi nao hata kidogo, nataka ndege ifike kama kila mtu anavyotaka. Ninachokilalamikia ni hii huduma ya kukwambia kitu hakiruhusiwi pale ambapo huna tena pa kukipeleka. Begi kubwa limeshaondoka, aliyekusindikiza ameshageuza, nyuma yako kuna foleni inakusukuma, ndo unaambiwa acha hapa.

Ilivyokuwa ni hivi. Mdogo wangu ameolewa Bukoba na amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mama yetu anakaa Mvumi, umri umeenda, safari ya Bukoba haiwezi tena kwa basi wala kwa ndege. Kwa hiyo alichoweza ni kutengeneza samli ya kumpelekea mzazi, na hapa naomba mnielewe, samli ya kiangazi siyo ya kwenda kununua Majengo sokoni ukarudi. Kiangazi ng'ombe wa huku wanatoa maziwa kidogo sana, majani hamna, kwa hiyo mama alikuwa anakusanya kidogo kidogo, anagandisha, anasukasuka kwenye kibuyu mwenyewe na mikono ile inayomuuma, siagi inatoka vijiko viwili, anaweka, kesho tena, mpaka ikafika ya kuchemsha na kujaza chupa moja ya nusu lita. Mzazi anatiliwa kwenye uji wa ulezi. Mimi pia nililelewa hivyo hivyo nilipojifungua.

Juu ya hiyo nilikuwa na asali ya nyuki wadogo, chupa ya mililita 250 lakini ndani ilikuwa imebaki kama theluthi, na ubuyu, mlenda mkavu na zabibu kavu.

Sasa kwenye kaunta, nikiwa naweka begi kubwa kwenye mizani, nilimuuliza dada wa shirika kabisa, nikamwambia dada nina samli na asali hapa kwenye begi la mkononi, niziweke kwenye begi kubwa au nibaki nazo, naogopa chupa isije ikapasuka huko chini. Akasema hamna shida mama, beba tu. Nikabeba. Nikapita ukaguzi wa kwanza, mashine ikaona, kaka akafungua akaangalia akafunga, akasema safari njema. Nikapanda ndege nikiwa na amani.

Nilikobadilisha ndege, uwanja sitautaja, nikapita ukaguzi mwingine na hapo ndo ikawa kesi. Begi likavutwa pembeni, kijana akatoa samli akaiinua juu, akasema mama hii hairuhusiwi, imezidi mililita 100. Nikamwambia mwanangu hiyo samli imeganda, siyo maji. Akasema haijalishi, kinachomiminika, kinachopakwa, kinachokamuliwa, vyote tunahesabu kimiminika. Nikamwambia sawa, nimekuelewa, basi niruhusu nirudi nikaiweke kwenye begi kubwa. Begi lako limeshapelekwa kwenye ndege. Basi nitoke nimpe mtu nje, nina shemeji yangu mji huu huu naweza kumpigia simu akaja. Muda hautoshi mama, na ukitoka utaanza upya. Basi niwekeeni hapa, nikirudi wiki ijayo niichukue. Hatuna sehemu ya kutunza.

Akaitupa kwenye pipa mbele yangu. Asali nayo ikafuata, nikamwonesha mwanangu hii haifiki hata mililita 90 angalia mwenyewe, akanijibu kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa siyo kilichomo. Na hilo nimekuja kuthibitisha ni kweli, ndivyo kanuni ilivyo dunia nzima inakotumika, chupa ikiandikwa 250 hata ikiwa na tone moja ni 250. Ila kwa nini mtu ajue hilo akiwa amesimama peku mbele ya mashine?

Sijapewa karatasi yoyote. Hata jina la kitu kilichochukuliwa halikuandikwa mahali. Nililia, sifichi, na dada mmoja wa ukaguzi akanipa kiti akaniambia pole mama, na nataka hilo lijulikane pia kwa sababu wale vijana hawakunitukana wala kunisukuma, wanafanya walichofundishwa. Kuna mama mwingine alikuwa na mtoto mchanga na chupa ya maziwa, wakamruhusu vizuri tu, wakaangalia wakampa, maana maziwa ya mtoto na dawa unazohitaji safarini zina ruhusa yake. Lakini fundi cherehani aliyekuwa mbele yangu aliachishwa mkasi wake wa kazi, mkasi wa chuma ule mrefu, naye anasema anakwenda kushona sare za harusi. Hakuambiwa kaunta. Kama angeulizwa tu una kitu chenye ncha kwenye begi la mkononi, angeuhamisha kwa dakika moja, mkasi hauna shida yoyote ukiwa kwenye begi la chini.

Nilivyofika Bukoba nikakaa nikaanza kusoma hii mililita 100 imetoka wapi, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kujua kama nina haki ya kuwa nayo. Imeanzia Uingereza, Agosti 2006, polisi walikamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya maji vilivyowekwa kwenye chupa za vinywaji vya kawaida. Siku zile walizuia karibu kila kitu, watu wakapanda na pasipoti na pochi tu. Baadaye mwaka huo huo Ulaya na Marekani wakaja na hesabu hii, chombo kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaoonekana ndani, kisha shirika la usafiri wa anga la kimataifa, ICAO, likapendekeza nchi nyingine zifuate. Sababu yenyewe ni kwamba mashine za eksirei za zamani zinaonesha picha bapa, haziwezi kukwambia kwa uhakika kilicho kwenye chupa ni maji, ni samli au ni kitu cha hatari. Kwa hiyo wakapunguza ujazo. Nimelielewa, na nikilifikiria vile naona lina akili.

Ila sasa mashine mpya zipo, zinazungusha picha pande zote kama ile CT ya hospitali, na viwanja vingine vya Uingereza kama Edinburgh na Birmingham mwaka 2025 vimeachana na mililita 100, unabeba mpaka lita 2 na hutoi chupa kwenye begi. Kwa hiyo abiria mmoja safari moja anaweza kupita uwanja wa kwanza na chupa yake wakamnyang'anya wa pili, kwao huko na kwetu huku. Hilo ndo limeniumiza zaidi. Mimi nilipita. Mtu mwenye sare alifungua begi langu akaona samli akaniambia safari njema. Kama kanuni ni moja, kaka yule angeniambia pale pale, nilikuwa bado Dodoma, na uwanja niliopandia uko mjini kabisa, mdogo wangu wa kiume alikuwa hajafika hata mbali, angerudi na bajaji akachukua samli ya mama akairudisha nyumbani. Wala isingepotea.

Na kuna hili la mfuko wenyewe, sijaona likisemwa. Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, sisi tumeizoea ile ya kitambaa na tunaona ni jambo zuri. Lakini mfuko wa zipu unaoonekana ndani, wa kuwekea losheni na dawa ya meno kwenye ndege, huo umeruhusiwa kwa msafiri mradi asiutupe ovyo. Wangapi wanalijua? Nimewaona watu wanaogopa kuubeba wakidhani watakamatwa, wengine wanafika ukaguzi losheni, mafuta ya mgando na dawa ya meno vimetawanyika kwenye mkoba mzima, foleni inasimama, kila mtu anakereka, na kumbe ni jambo la kuandika mstari mmoja kwenye ule ujumbe wa tiketi wanaotutumia kwenye simu. Ule ujumbe una nafasi. Wanatuandikia kilo 23, wanatuandikia fika mapema, hawaandiki samli, asali na mafuta ya kula weka begi la chini. Wakiandika liquids haisaidii mtu wa Mvumi, kwanza ni kizungu, pili hata ukitafsiri kimiminika hakuna mama wa huku atakayefikiria samli iliyoganda au karanga za kusaga. Andikeni majina ya vitu.

Pawabenki nayo ni kinyume chake kabisa na watu wanachanganyikiwa. Yenyewe hairuhusiwi begi la chini, lazima uwe nayo mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule chini hakuna mtu wa kuuzima, ila ndani ya ndege wahudumu wanaweza kuushughulikia. Siyo hadithi, Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua Korea Kusini ikiwa bado uwanjani, na wachunguzi wakasema inavyoonekana chanzo ni pawabenki iliyokuwa kwenye sehemu ya mabegi juu ya viti. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh (wati-saa, kipimo cha nishati inayobebwa na betri), zile zilizoandikwa 20,000 mAh zinakuja kama 74 Wh kwa hiyo hazina shida, za 30,000 zinapita 100 na hapo unahitaji ruhusa ya shirika. Kijana mmoja pale alinyang'anywa ya kwake ndogo tu kwa sababu maandishi yamefutika, hawakuweza kusoma uwezo wake. Hizi tunazonunua barabarani maandishi yanafutika mwezi wa kwanza, kwa hiyo ukinunua, bandika selotepu isiyo na rangi juu ya maandishi yangali mapya.

Ninachodai mimi siyo waache kukagua. Nataka yule wa kwenye mizani, kabla begi halijaenda, awe na wajibu wa kuuliza na awe anajua jibu, maana yule dada aliniambia beba tu kwa moyo mweupe, hakujua, na asiyejua kwenye nafasi ile ananipotezea mimi. Pili pale ukaguzi pawe na namna ya kurudi. Marekani kuna viwanja mtu anaweza kukituma kitu chake kwa posta kikarudi nyumbani, analipia mwenyewe. Mimi ningelipia. Shilingi elfu kumi, elfu ishirini, ningetoa bila kuuliza mara mbili kwa ile chupa, wanitunzie kabatini wiki moja tu. Na kama hakuna kabati basi angalau nipewe karatasi inayosema tumechukua hiki, tarehe hii, uwanja huu, ili nikilalamika nisionekane natunga.

Kwa sasa ninavyofanya, na nimewaelekeza na majirani, kitu chochote cha mafuta au cha kunata kinaingia begi kubwa. Siweki tena kwenye chupa ya kioo. Nachukua kopo la plastiki la mdomo mpana, nafunika, nazungushia selotepu kwenye mfuniko mara kadhaa, navingirisha kwenye khanga mbili, naweka katikati ya nguo, siyo pembeni ya begi. Samli ukiiacha igande vizuri kabla ya safari haimwagiki hata wakilirusha begi. Asali ndo ina hila, inapenya, hiyo usijaze kopo mpaka juu, acha nafasi. Ubuyu, mlenda mkavu, zabibu kavu, karanga nzima, vyote vikavu nimepita navyo mkononi bila neno. Kisu cha jikoni, panga, mkasi mrefu, begi la chini. Na ukiwa na mashaka ukiwa bado kwenye mizani, usikubali jibu la mtu mmoja, omba aite msimamizi, maana pale bado una nguvu, ukishavuka pale huna.

Samli nyingine mama anasema mpaka mvua zianze, mwezi wa kumi na mbili huko, nyasi ziote. Hiyo sijui kama nitaiamini ndege, nafikiria kuituma kwa basi kutoka stendi ya Nanenane, ifike Mwanza, shemeji aichukue aivushe Bukoba.

Shirika nimewaandikia barua pepe, nimewaeleza kila kitu kwa Kiswahili, tarehe, namba ya tiketi na majibu niliyopewa kwenye kaunta, na nimeomba kitu kimoja tu, karatasi ya Kiswahili yenye majina ya vitu ibandikwe pale kwenye mizani. Wamejibu kwamba wameipokea na wanaifanyia kazi. Wakileta jibu lingine nitaliongeza hapa hapa.