Vikombe vya kumwachisha mtoto chupa ya kulalia: vinne tumevipima, viwili vinatosha

Vikombe vya watoto huuzwa kwa sifa moja kubwa, kwamba havimwagi. Garini au juu ya zulia sifa hiyo ina faida yake. Kwa kazi ya kumwondolea mtoto chupa ya kulalia ndiyo inayoharibu mambo, na sababu imefichwa ndani ya kifuniko. Hapa tumevipima vikombe vya aina nne kwa kazi hiyo peke yake: mtoto aliyezoea kusinzia na maziwa mdomoni amalize maziwa yake akiwa ameketi, apigwe mswaki, ndipo alale.

Umri kwanza, maana kikombe kizuri kikinunuliwa kabla au baada ya wakati wake huishia kabatini. Kuanzia miezi 6 hivi, mtoto anapoanza kula, apewe kikombe chenye maji kidogo wakati wa chakula. Asipokunywa kitu si neno. Yuko mazoezini, na maziwa yake bado yanatoka ziwani au chupani. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inawashauri wazazi waache chupa mtoto anapofika mwaka 1. Marekani ushauri wa kawaida unafanana na huo, na mwisho unaotajwa sana ni miezi 18. Kwa hiyo dirisha la kazi hii ni kati ya miezi 12 na 18. Ukilikosa bado inawezekana, ila mtoto wa miaka 2 ana maneno ya kubishana, na chupa imekwisha kuwa rafiki yake.

Anayenyonya ziwa ana habari nyingine. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri anyonyeshwe hadi miaka 2 au zaidi, na hakuna kikombe kinachopaswa kushindana na hilo. Linalobaki kwake ni meno yapigwe mswaki kila jioni.

Tutenganishe pia mambo matatu ambayo wazazi huyafunga kamba moja: maziwa ya jioni, chupa, na maziwa baada ya mswaki. Maziwa ya jioni hayana kosa; kikombe cha mililita 120 hadi 150 kabla ya mswaki kinaweza kuendelea miaka na miaka. Chupa ndiyo inayoondoka kuanzia mwaka 1. Maziwa baada ya mswaki yakome mara meno yakianza kupigwa mswaki, yaani tangu jino la kwanza, isipokuwa kwa mchanga ambaye bado anahitaji kulishwa usiku.

Kisa ni mate. Mchana mate husafisha meno na kupunguza makali ya asidi. Mtoto akilala hupungua sana. Maziwa yaliyobaki mdomoni yana sukari yake ya asili, laktosi, na bakteria huigeuza kuwa asidi saa zote hizo. Meno ya mbele ya juu huumia kwanza, kwa sababu chuchu ya chupa humwagia maziwa nyuma yake huku ulimi ukiyafunika yale ya chini. Dalili ya mapema ni mstari mweupe, kama chokaa, kando ya ufizi. Mstari huo bado unaweza kudhibitiwa. Ukigeuka kahawia jino limeanza kuoza. Kunywa chupa amelala chali huongeza pia hatari ya kupaliwa, na maziwa yanaweza kupanda kwenye mrija unaounganisha koo na sikio, mlango wa maambukizi ya sikio.

Halafu kuna hesabu ya damu, ambayo husahauliwa. Kati ya mwaka 1 na 2, mililita 350 hadi 500 za maziwa kwa siku zinamtosha mtoto anayekula. Chupa moja ya mililita 240 ya kulalia na nyingine ya alfajiri tayari ni 480, kabla hajaamka. Akipita 700 anashiba maziwa, anakataa chakula, na maziwa ya ng'ombe yenyewe yana madini ya chuma kidogo mno, tena kalsiamu yake huzuia chuma cha chakula kisifyonzwe vizuri. Upungufu wa damu wa namna hii huanza kwa mtoto mnene, mweupe wa viganja, ambaye kila mtu anasema ananyweshwa vizuri.

Sasa vikombe.

Kikombe chenye mdomo mgumu na vali ndicho kinachonunuliwa sana, na kwa kazi hii tunakipa alama za chini kabisa. Fungua kifuniko uangalie chini ya mdomo: kuna kijisahani cha silikoni chenye mpasuko. Mpasuko haufunguki mpaka mtoto avute kwa nguvu. Hapo ndipo penye shida, maana kuvuta huko ni kunyonya kulekule kwa chupa. Anaweza kukinywea amelala, anaweza kusinzia nacho mdomoni, na kisimwage tone. Mzazi anadhani amemwachisha chupa, kumbe amembadilishia umbo tu. Kipimo cha dukani ni rahisi: kitiwe maji, kipinduliwe kichwa chini. Kisipodondosha kitu, kwa usiku kihesabu kuwa chupa.

Ubovu wake wa pili ni wa usafi. Mafuta ya maziwa huganda kwenye mpasuko. Baada ya wiki chache vali hubaki wazi ikavuja, au hugandamana kabisa. Ikigandamana, mtoto huvuta mara mbili tatu, hapati kitu, anakisukuma, na watu wazima wanasema amekataa maziwa. Kabla ya kukubali kwamba amekataa, nyonya wewe mwenyewe. Vikombe vingi vya aina hii hukubali kutolewa vali, na bila vali hudondosha polepole. Hapo kinakuwa daraja zuri la wiki mbili au tatu, kisha kiondoke.

Kikombe chenye mrija ni bora zaidi, kwa sharti moja. Mrija wa kawaida humlazimu mtoto aketi, kwa kuwa akilala mrija huvuta hewa. Lakini kuna toleo lenye kizito mwishoni mwa mrija, kinachofuata maziwa popote kikombe kinapoegemea. Watengenezaji hukisifia kwa hilo, na ndilo linalokiharibu kwa usiku, kwani mtoto huweza kunywa chali hadi tone la mwisho. Nunua kisicho na kizito, chenye mrija mfupi unaoishia mbele ya ulimi.

Kumfundisha si kazi. Tumbukiza mrija kwenye maziwa, ziba tundu la juu kwa kidole, uinue, umgusishe ncha kwenye midomo kisha achia kidole. Maziwa yatateremka kidogo. Rudia hadi aanze kufunga midomo mwenyewe, kisha punguza kinachoteremka ili avute. Kosa la kawaida ni kutia maziwa ya moto kwenye kikombe chenye kifuniko cha kubana. Hewa ya ndani hupanuka, na mrija ukifunguliwa maziwa huruka usoni. Tia ya vuguvugu, au acha kifuniko wazi dakika moja kabla ya kubana.

Mrija unadai brashi yake nyembamba. Bila brashi hiyo usinunue kikombe hiki. Ukungu mweusi huanzia kwenye kona mrija unapopinda na chini ya pete ya kifuniko, mahali ambapo maji ya kusuuza hayafiki. Kila baada ya maziwa vitu vyote vitenganishwe, vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vianikwe vikiwa bado vimetenganishwa. Wanaokiunganisha kikiwa na unyevu ndio wanaolalamika harufu ya maziwa machachu. Mrija uliokwisha kuwa na madoadoa ya ndani hautakasiki, badilisha.

Kikombe cha kunywea ukingo wowote, kile chenye sahani ya silikoni juu inayofunguka pale mdomo unapobonyeza, kiko katikati. Mtoto lazima akiinamishe, kwa hiyo kulala nacho ni shida kidogo, na hakina mdomo wa kung'ang'ania. Tatizo ni kwamba wengi huuma ukingo kwa meno badala ya kutumia midomo, na mwendo huo hauwafundishi kunywa kikombe cha kawaida. Pete ikikaa upande kinavuja pande zote, na kikianguka kwa kona sahani huweza kuchomoka na kila kitu kumwagika. Kwa maji ya kando ya kitanda kinafaa. Kwa maziwa tungekipita.

Mshindi ni kikombe kidogo cha wazi, kisicho na kifuniko wala ujanja. Hakuna anayeweza kusinzia nacho mdomoni, na kwa kazi hii sifa hiyo inatosha kukipa nafasi ya kwanza. Chagua kinachoingia mililita 60 hadi 100, chepesi, chenye ukingo mwembamba. Vile vilivyokatwa kimshazari na kuwekwa mikono miwili, kama vya chapa ya Doidy, vina faida ya kweli: mtoto huyaona maziwa yakija na hana haja ya kurudisha kichwa nyuma. Lakini hata kikombe kidogo cha kahawa cha plastiki kitafanya kazi ileile.

Kinamwagika, ndiyo. Kumwagika mara nyingi hutokana na kukijaza, au, ajabu yake, na kutia kidogo mno, mtoto akalazimika kukipindua ili yafike. Jaza hadi nusu, ongeza kila kinapopungua. Mtu mzima ashike chini ya kikombe, mtoto ashike ubavuni, na ukingo ukae juu ya mdomo wa chini. Maziwa yamguse midomo kisha ngoja ayavute mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa na kesho atakiogopa.

Kikombe peke yake hakimwachishi mtoto. Mahali pa kunywea pahame: kutoka kitandani hadi kwenye kiti, taa ikiwa imewashwa. Chupa ipungue mililita 30 kila baada ya usiku mbili. Aliyekuwa akinywa 180 atapewa 150 usiku wa kwanza na wa pili, 120 wa tatu na wa nne, kisha 90, kisha 60, na usiku wa 9 chupa haitokei. Maziwa yaliyopunguzwa yahamie kwenye kikombe cha jioni, dakika zisizopungua 20 kabla ya kulala, ili mswaki uingie katikati bila haraka. Dawa ya meno yenye floridi ipakwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3. Kuanzia hapo hadi 6, kiasi cha punje moja ya njegere. Akiamka usiku apewe maji.

Wapo wanaopendelea kuongeza maji kwenye chupa kidogo kidogo hadi ibaki maji matupu, huku kikombe kikiwa na maziwa kamili. Njia hiyo hufanya kazi kwa mtoto aliyepita mwaka 1 anayekunywa maziwa ya kawaida. Kwa mchanga anayelishwa maziwa ya kopo ni marufuku: maji ya ziada hushusha chumvi ya damu na yanaweza kumletea degedege.

Mahali mambo yanapoharibikia tunapajua. Chupa inarudishwa usiku wa tatu kwa sababu mtoto amelia, naye anajifunza kwamba usiku tatu za kulia zinalipa. Au mama ameacha na bibi hajaambiwa. Au kazi imeanzishwa wiki ya homa, ya kuhama nyumba, ya mdogo wake kuzaliwa. Wiki hizo subiri. Akikataa maziwa ya kikombe kwa siku kadhaa, mtindi, jibini na maziwa ndani ya chakula vinajaza pengo, na wengi hurudia kunywa wenyewe wakiona chupa haiji.

Neno kuhusu bidhaa inayouzwa kando ya vikombe hivi: maziwa ya kopo yaliyotiwa nafaka, yanayotangazwa kuwa ya usiku ili mtoto alale. NHS inasema hakuna ushahidi kwamba mtoto hutulia zaidi kwa kuyanywa. Maziwa maalumu ya watoto waliopita mwaka 1 nayo hayahitajiki kwa mtoto mwenye afya anayekula, na WHO haiyashauri. Fedha hiyo inunue kikombe cha wazi kimoja, chenye mrija kimoja cha kutokea nacho, na brashi.

Aliyezaliwa njiti, mwenye uzito mdogo, au anayetibiwa ugonjwa unaohitaji kulishwa usiku, ratiba yake ipangwe na daktari wake. Na anayepaliwa au kukohoa kila anapokunywa, kikombe kiwe cha wazi au cha mrija, au ambaye maziwa humtokea puani, apelekwe akaangaliwe anavyomeza kabla hajanunuliwa kikombe cha tano.