Uzoefu wangu na CHF iliyoboreshwa: 30,000 kwa mwaka, na mtoto aliyebaki nje ya kadi

Nimekuwa nikiingia na kutoka CHF tangu 2016, kwa hiyo ninayoandika hapa si ya kusimuliwa. Naishi kijijini mkoani Dodoma. Nalima alizeti na mtama, na asubuhi nauza vitumbua njia panda ya kwenda shuleni. Mume wangu anafyatua matofali, kazi ambayo leo ipo na kesho haipo. Nyumbani tuko wanane: sisi wawili, watoto wetu watano na mtoto wa marehemu dada yangu. Hiyo nane naomba muishike, maana nitairudia.

Kwa asiyeufahamu, CHF ni Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya afya ambayo kaya inaichangia kwa mwaka na kutibiwa kwa kadi. Ulianza kwa majaribio Igunga, Tabora, miaka ya 1990, ukatungiwa sheria 2001. Zamani kila halmashauri ilijipangia mchango wake. Mimi nilikuwa natoa shilingi 10,000 kwa mwaka, kaya nzima. Ulipoboreshwa na kupelekwa nchi nzima, mchango ukawa 30,000 kwa kaya isiyozidi watu sita (Dar es Salaam walipangiwa 150,000), na kadi ikaanza kutibu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi ufuate ngazi na uwe na barua ya rufaa. Hospitali kubwa za juu ya hapo, kama Benjamin Mkapa, KCMC au Bugando, haifiki.

Mtu wa mshahara akisikia 30,000 kwa watu sita mwaka mzima, atasema hiyo ni bure. Ni 5,000 kwa kichwa. Hata mimi nilimwambia jirani yangu hivyohivyo nilipokuwa namhimiza ajiunge. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu ambaye pesa inamjia kila mwezi. Kwetu pesa inakuja mara moja, baada ya mavuno, na kadi yangu mimi ilikuwa inaisha Februari.

Februari ya Dodoma anayeijua anaijua. Ghalani unafagia sakafu. Palizi inataka vibarua na huna cha kuwalipa, kwa hiyo unaingia shambani mwenyewe na biashara ya vitumbua inasimama. Sare na madaftari ya Januari yameshakomba kilichokuwepo. Debe la mahindi linapanda kila mnada. Siku nzuri vitumbua vinanipa faida ya 3,000, nayo inaishia kwenye unga wa jioni ileile. Kutoa 30,000 kwa mkupuo mwezi huo maana yake ni kuuza mbuzi kwa bei ya njaa. Julai, nikishauza alizeti, pesa hiyohiyo naitoa bila hata kumuuliza mume wangu.

Basi mwaka wa kwanza wa 30,000 nikasema nitalipa mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miaka miwili.

Na sikuwa peke yangu. Katika kitongoji chetu wengi niliokuwa nakutana nao zahanati na kadi za 10,000 hawakuhuisha. Kwenye mikutano ya kijiji husemwa wananchi hatuna elimu ya bima, na kauli hiyo inaniuma kila nikiisikia. Kuna mama mjane jirani yangu, hajasoma hata darasa moja, aliifanyia hesabu bima hii kuliko msemaji yeyote. Anaishi na mjukuu wake wa miaka tisa. Aliniuliza, “Mwanangu, mimi na huyu tutoe sawa na nyumba ya watu sita?” Nikakosa la kumjibu. Kisera yeye ni mzee wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo, anapaswa kutibiwa kwa msamaha, yaani bila kulipa. Mjukuu ndiye asiye na msamaha wala kadi. Kwake bei ya kichwa kimoja si 5,000. Ni 30,000 nzima kwa ajili ya mtoto mmoja.

Sasa niseme hiyo miaka miwili ilinigharimu nini. Machi moja, mvua imetoka kunyesha, mwanangu wa tatu alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda. Nilimkuta amekaa kwenye tope, mkono wa kushoto ameupakata kwa wa kulia, halii, anautazama tu. Chini ya kiwiko mkono ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Nikaufunga na ubao wa mbuzi ya kukunia nazi iliyovunjika na kanga, tukapanda bodaboda hadi kituo cha afya, kutoka hapo hospitali ya wilaya. Usafiri, faili, picha ya X-ray, plasta ya mfupa (P.O.P.), dawa za maumivu na kurudi mara mbili kuangaliwa: 96,000. Niliuza mbuzi jike mwenye mimba kwa 45,000. Zilizobaki nilikopa kwa mtu, tukakubaliana nimlipe gunia la alizeti mavuno yakifika. Gunia hilo lilipofika sokoni lilikuwa na thamani kubwa kuliko deni lenyewe. Mkono ulipona vizuri, namshukuru Mungu. Ila mbuzi yule na watoto wake, na gunia, vyote viliondoka kwa sababu ya 30,000 ambayo Februari sikuwa nayo.

Kilichonirudisha ni kikoba chetu. Tuko wanawake kumi na watano, tunakutana Jumapili baada ya ibada. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mtoto wa kifafa alisema tutenge mfuko wa pembeni, kila mtu 1,000 kwa wiki, na mfuko huo usikopeshwe kwa lolote. Tukaushona kwa kitambaa cha kijani, ukawa unalala ndani ya sanduku letu la kufuli tatu. Tulianza Novemba, na aliyekwama Februari alivumiliwa akafidia baadaye. Kufikia Juni kila mmoja alikuwa na 30,000 yake, tukamwita afisa mwandikishaji aje atuandikishe wote siku moja. Kuanzia hapo kadi zetu zinaisha wakati wa mavuno, si wakati wa njaa. Kama kuna jambo moja la kuchukua katika maelezo yangu, chukueni hilo la mwezi wa kujiunga.

Siku ya kuandikishwa ndiyo nisiyoisahau. Afisa alikuja na simu yake, akawasimamisha watu mmoja mmoja kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji awapige picha. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, wengine wanacheka, wengine wamekaza shingo kama wanapimwa. Zamu yangu ilipofika akaniuliza wategemezi. Ukitoa mimi na mume wangu, nafasi ni nne. Kitinda mimba wangu alikuwa chini ya miaka mitano, anatibiwa kwa msamaha, huyo nikamweka pembeni. Wakabaki watano kwa nafasi nne. Nilivyoelezwa, anayezidi anahitaji kadi nyingine, yaani 30,000 nyingine. Mtoto wa marehemu dada sikuweza hata kufikiria kumwacha, ningemwambia nini siku akikua? Nikawa nimesimama pale, foleni nyuma yangu ndefu, simu mkononi mwa yule kijana inasubiri. Kifungua mimba wangu, alikuwa na miaka 16, akasema, “Niache mimi, mama. Mimi siumwi.” Akatoka ukutani mwenyewe.

Miezi mitatu baadaye nilimkuta amelala mchana, mwili unachemka. Chini ya mkeka kulikuwa na majani ya mwarobaini. Alikuwa anayatafuna siku ya pili, hajaniambia. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, “Mimi si wa kadi.” Ilikuwa malaria, akatibiwa, akapona. Lakini neno hilo halijanitoka. Ndani ya nyumba moja tumekuwa na watoto wa kadi na mtoto asiye wa kadi, na yeye mwenyewe amejifunza kuficha homa.

Huduma yenyewe ikoje? Nikiwa na kadi nimetibiwa, na kwa mambo makubwa. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa ngiri hospitali ya wilaya kwa barua ya rufaa, alilala siku nne, na dirishani sikutoa hata shilingi. Watoto hupimwa na kupewa dawa bila mimi kuhesabu sarafu kwenye kopo la vitumbua kwanza. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika. Mwenye kadi anampeleka mtoto siku ya kwanza ya homa. Asiye na kadi anangoja siku ya tatu aone kama itashuka.

Penye shida ni dawa. Mara kadhaa nimefika zahanati, nikapimwa vizuri, kisha nikaambiwa dawa imeisha, kanunue dukani. Wawili katika kikoba chetu walitoka baada ya kukutana na hilo mara mbili mfululizo, na siwalaumu. Ukilipa mchango halafu ukanunua dawa umelipa mara mbili. Ila nimeelewa pia jinsi mambo haya yanavyovutana. Mchango ukiwa mzito, anayejikaza kulipa ni yule mwenye mgonjwa nyumbani, na mwenye afya anasubiri. Mfuko unabaki na wagonjwa watupu, pesa inaisha haraka, dawa zinapungua, na hata wale wachache wanakata tamaa. Tena mfuko huu ulipangwa kwa mtindo wa tele kwa tele, wananchi wakichanga serikali inaongeza kiasi kilekile. Kila kaya inayoshindwa 30,000 inaondoka na 60,000 za dawa.

Kwa hiyo 2022, muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa unajadiliwa na ikatajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, kikoba chetu kilinyamaza kimya. Nilipiga hesabu palepale kwa mwendo wetu wa 1,000: wiki 340, zaidi ya miaka sita ya kuchanga ili utibiwe mwaka mmoja. Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023, na ndani yake serikali imejiwekea jukumu la kuwagharamia wasio na uwezo. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba wanaotafuta asiye na uwezo wafike Februari, si Julai. Julai kila nyumba hapa ina gunia mlangoni, na mama yule mjane ataonekana ana uwezo.

Kwa matibabu ninaipa CHF nyota nne kati ya tano. Kwa namna ya kulipa, nyota mbili, kwa sababu ya mkupuo mmoja, na kwa sababu nyumba ya wawili na nyumba ya sita zinalipa sawa huku nyumba ya nane inaacha watu nje. Ningekubali hata kulipa 3,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 36,000, kuliko 30,000 ya siku moja. Anayejiunga ahakikishe majina kwenye kadi yameandikwa sawasawa na ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya rufaa asiiache kituo cha afya, maana bila hiyo karatasi hospitali ya wilaya utalipia kama mtu wa kawaida.

Kitinda mimba wangu anatimiza miaka mitano mwezi wa kumi, msamaha wake unakwisha. Tangu Jumapili mbili zilizopita naweka 2,000 kwenye mfuko wa kijani badala ya 1,000. Kadi ya pili itakuwa na majina mawili tu, lake na la kaka yake mkubwa, kwa 30,000 kamili. Kaka mtu nimeshamwambia anyoe nywele mapema, safari hii atapigwa picha.