Radeon RX 6600 kwa mtumiaji wa Linux

Anayetafuta kadi ya michoro kwa ajili ya Linux huanza, mara nyingi, kwa kulinganisha kasi, ilhali la kwanza kuuliza ni draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha, inakaa wapi: ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, ambako yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, au nje yake, mikononi mwa kampuni moja. Kwa kigezo hicho nimeitumia Radeon RX 6600 ya AMD, kadi iliyotoka Oktoba 2021 ikiwa na kumbukumbu ya GB 8 na matumizi ya umeme ya wati 132, na ninaipendekeza bila kusita.

Siku nilipoichomeka sikupakua chochote. Niliwasha kompyuta, skrini ikakaa katika ukubwa wake sahihi hata kabla sijaandika nywila, na nilipotoa amri ya lspci -k, inayoorodhesha vifaa na draiva zake, nikaliona chini ya jina la kadi neno nililolitarajia: amdgpu. Draiva hiyo iliingia katika kerneli toleo la 4.2 mwaka 2015, nayo hufanya kazi pamoja na Mesa, mkusanyiko huria wa maktaba ambamo radeonsi hushughulikia OpenGL na RADV hushughulikia Vulkan, njia mbili ambazo michezo na programu hutumia kuiagiza kadi ichore. Historia ya RADV ndiyo inayonipa imani kubwa kuliko yote. Ilianzishwa mwaka 2016 na watu wasio wa AMD, Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, ikaitia nguvu na kuitumia katika Steam Deck, kifaa chake cha mkononi cha michezo, na mwaka 2025 AMD yenyewe iliacha kuendeleza AMDVLK, draiva yake huria ya Vulkan, ikaiunga mkono RADV. Msimbo ulio wazi hauhitaji kungoja ratiba ya mwenye kiwanda. Ndiyo maana kadi za mfululizo wa Radeon HD 7000, zenye umri wa zaidi ya miaka 10, bado zinapokea marekebisho.

Upungufu upo, na mnunuzi anastahili kuujua mapema. Fimwea ya kadi, yaani programu inayofanya kazi ndani ya kadi yenyewe, imefungwa, kwa hiyo anayetaka mfumo ulio huria kwa asilimia 100 hataupata hapa. Aidha, mwaka 2024 HDMI Forum, chombo kinachosimamia kiwango cha HDMI, ilikataa pendekezo la AMD la kuiweka HDMI 2.1 katika draiva huria, jambo ambalo kwangu ni dhuluma kwa mtu aliyekwisha kulipia tundu hilo; mwenye skrini ya 4K ya Hz 120 afadhali atumie waya wa DisplayPort. Kwa hesabu za akili unde, kadi hii haimo katika orodha rasmi ya ROCm, programu za AMD za hesabu hizo, na ingawa wengi huilazimisha ikubali, singeinunua kwa kazi hiyo.

Mbadala wa karibu ni Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 na GB 12 za kumbukumbu. Draiva zake nazo ni huria, ila hakikisha ubao mama wako unakubali Resizable BAR, uwezo wa kichakato kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, kwa kuwa bila hiyo kasi hushuka sana. NVIDIA ilifungua moduli zake za kerneli Mei 2022 kwa kadi za kizazi cha Turing na vilivyofuata, lakini maktaba zake za OpenGL na Vulkan zimebaki zimefungwa. NVK, draiva huria ya Vulkan kwa kadi za NVIDIA iliyomo ndani ya Mesa, inaendelea vizuri na inastahili kufuatiliwa. Kadi za NVIDIA za GTX 900 na 1000 ziepuke kabisa ikiwa unakusudia kutumia Nouveau, draiva huria ya kerneli kwa kadi za kampuni hiyo, kwani fimwea yenye saini ya kampuni huizuia draiva hiyo kupandisha kasi ya kadi, nayo hubaki ikijikokota.

Kabla ya kulipa, tazama pia umri wa kerneli na Mesa katika mfumo wako. Kadi mpya kabisa hudai matoleo mapya, na hapo RX 6600 ina nafuu ya umri: hata Debian 12, yenye kerneli 6.1, inaitambua mara moja, mradi kifurushi cha fimwea kiwe kimesakinishwa.