Edifier R1280DB sebuleni: sabufa nimempa shemeji

Kwa wanaoulizia kama spika mbili, kama hizi zangu za Edifier, zinaweza kuchukua nafasi ya sabufa: inategemea unasikiliza nini. Kwangu ni rumba, taarabu na taarifa ya habari, na kwa hayo sijutii. Anayetaka madirisha yatetemeke abaki na sabufa yake, maana hizi ni wati 42 kwa zote mbili, na spika ya besi ni ya inchi 4.

Kuzifunga hakuhitaji fundi. Ya kulia ndiyo inayochomekwa kwenye umeme, ya kushoto inaungwa nayo kwa waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukipishanisha upande mmoja zitapiga tu, ila besi inanywea na mwimbaji hujui yuko wapi.

Kazi ni pa kuziweka. Watu wengi huzibananisha na TV juu ya kabati, halafu wanalalamika kwamba stereo haina tofauti na redio ya kawaida. Mimi nilizitafutia stuli mbili, nikaziachanisha kwa umbali ule ule uliopo kutoka kila spika hadi kwenye kochi ninalokaa, nikazigeuza kidogo zinielekee, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zikawa usawa wa masikio. Hapo gitaa la solo likashika upande wake, la rizimu upande wake, na mwimbaji akatokea katikati kabisa, kwenye TV iliyozimwa!

Tundu la hewa la kila spika, linalosaidia besi, liko mbele, kwa hiyo ukuta wa nyuma hausumbui sana. Kona ndiyo mbaya, besi inavimba. Na kama sebule yako ni vigae na kuta tupu, usihangaike kwanza na vitufe vya besi na trebo: tandika zulia, tundika pazia zito. Kwangu hilo lilisaidia kuliko kitufe chochote.

Simu inaunganishwa kwa bluutuuth bila shida. Kwa TV nimetumia waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga), na lazima uingie kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa, la sivyo unaweza usisikie kitu. Kwa waya huo, sauti naipandisha kwa rimoti ya spika, siyo ya TV. Mama mkwe hajakubali hadi leo. Anabonyeza ya TV weee, kisha ananiuliza nimenunua kitu gani hiki.