Tumeacha faili za Excel: miezi minane na mfumo wetu wa kukodisha vyombo vya harusi

Familia yetu inakodisha vyombo vya harusi na matanga hapa Majengo tangu mamangu aanze na masufuria matatu na majamvi ya kuazima. Sasa tuna viti 450, mahema tisa, masinia 160, masufuria ya pilau ya kila kipimo, mabirika, mabakuli na lori moja. Mama aliweka hesabu kwenye daftari. Nilipoingia dukani mimi nikaihamishia kwenye Excel, na kwa miaka sita nikaamini kazi imenyooka. Mwaka jana niliwalipa vijana wawili wa hapa hapa Mombasa watutengenezee mfumo wetu wenyewe, unaofunguka kwa kivinjari kwenye kompyuta ya duka na kwenye simu. Nimeutumia miezi minane, Maulidi na Shaabani zikiwamo, kwa hivyo sasa naweza kuusemea.

Lililonifikisha huko lilitokea Jumamosi moja, Ramadhani ikikaribia. Faili yetu ilikuwa na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye simu yangu, na moja kwa shemeji yangu anayesimamia lori, niliyomtumia kwa WhatsApp. Yake iliitwa "Maagizo MPYA kabisa 2". Mimi niliandika viti 300 kwa harusi ya Kisauni, yeye akaandika viti 250 kwa harusi ya Likoni, siku ile ile. Ukiitazama kila faili peke yake, hesabu ilikuwa sawa. Saa tisa alasiri baba wa bibi harusi wa Likoni alikuwa amesimama uwanjani na viti 150, wageni wanashuka kwenye matatu. Alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, umeniaibisha mbele ya wakwe." Nilishindwa kumjibu, na mpaka leo nikipita kivukoni sauti yake hunirudia.

Excel inajua kupiga hesabu, na faida ya mwezi bado naitolea humo. Ubaya wake ni kwamba inapokea chochote unachokiandika. Ukiandika 3/4, kompyuta ya duka inasoma tarehe 3 Aprili, na kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Marekani inasoma tarehe 4 Machi. Nambari ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Mteja wangu mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna nne, hata deni lake likagawanyika sehemu nne tusilione. Mmoja wa wale vijana alinikumbusha kisa cha Uingereza cha mwaka 2020, wagonjwa wa korona karibu 16,000 walipokosekana kwenye hesabu kwa siku kadhaa, kwa sababu majibu yao yalipitishwa kwenye faili ya Excel ya mtindo wa zamani, isiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari yangu haifiki hata elfu tano. Ila nilielewa kwamba faili inaweza kukunyima kitu bila kukuambia.

Mfumo wetu umekaa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo ni ya bure, na ndani yake mna majedwali manne makubwa: wateja, vyombo, maagizo na malipo. Mteja anaandikwa mara moja tu. Ukiandika agizo la viti, mfumo unajumlisha vilivyokwisha kutolewa siku hiyo na kukuonyesha vilivyobaki. Ukizidisha, haukubali kuhifadhi, hata kama aliye mbele ya kompyuta ni mwenye duka.

Nilichokipenda kuliko vyote ni yale masaa matatu waliyokaa vijana hao dukani kwetu wakisikiliza tunavyopokea simu, kabla hawajaandika kitu. Mteja wa Mombasa akisema "nataka mahema usiku wa Ijumaa", kwetu siku inaanza magharibi, kwa hivyo anakusudia Alhamisi jioni. Tuliwahi kuwa na karani kijana wa bara, mtu mwenye bidii, akaandika Ijumaa kama alivyosikia. Mahema yalifika siku ya pili yake, watu wameshakesha kwenye umande. Sasa ukichagua usiku, chini panatokea maneno: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni." Unamsomea mteja, akiitikia ndipo unahifadhi.

Tarehe nazo zilikuwa na shughuli yake. Wazee wetu wanakutajia tarehe za Kiislamu: kumi na mbili Mfungo Sita, yaani mwezi wa Maulidi, au ishirini na saba Rajabu. Vijana waliweka kalenda ya Umm al-Qura, ile inayotumika Saudia, nikawaambia kwetu mwezi husubiriwa uonekane, Kadhi Mkuu atangaze. Baada ya siku mbili wakaleta kitufe cha kuusogeza mwezi siku moja mbele au nyuma. Ukikibonyeza, maagizo yaliyoandikwa kwa tarehe za Kiislamu yanasogea yote, na yanayogongana yanatokea kwa rangi nyekundu. Sijui programu ya kununuliwa dukani ambayo ingenifanyia hivyo.

Kwenye fedha walikosea mwanzoni. Walichanganya arubuni na dhamana, wakaziweka kwenye kolamu moja. Arubuni ni sehemu ya malipo, mteja akiitoa imekwenda. Dhamana ni fedha yake, tunaishika mpaka masinia yahesabiwe, akipoteza tunakata, asipopoteza tunamrudishia. Kwa wiki mbili mfumo ulihesabu dhamana za watu kama mapato yetu, nami nikaona mwezi mzuri ambao haukuwepo. Walirekebisha bila kudai nyongeza, lakini anayetaka mfumo wa namna hii asikubali kulipa fungu la mwisho kabla hajapitisha humo maagizo halisi ya mwezi mzima.

Malipo ya M-Pesa yanaingizwa kwa ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi, na msimbo ukishatumika mara moja haupokewi tena. Zamani mteja alikuonyesha ujumbe ule ule mara ya pili, nawe katika pirikapirika ukakubali. Jambo jingine lililonipa utulivu ni kwamba dereva anaona mahali, vyombo na simu ya mwenye shughuli tu. Kwenye ile faili ya WhatsApp alikuwa akipata nambari za vitambulisho vya wateja wote, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Niliona haya nilipotambua ni majina ya watu wangapi tuliyatawanya hivyo.

Sasa kasoro. Waliahidi wiki sita, zikawa kumi na moja, na wiki mbili kati ya hizo simu zao hazikupokewa. Hilo liliniudhi. Gharama ilikuwa shilingi 95,000 kwa mafungu matatu, na kila mwezi shilingi 2,500 za seva, yaani kompyuta ya mtandaoni unamokaa mfumo, ambazo sikuambiwa mpaka kazi ilipokaribia kwisha. Tena mfumo wa mtandaoni unataka mtandao. Intaneti ya duka ikikatika tunatumia bando la simu, na bando nalo likilegea tunarudi kwenye karatasi. Ndiyo maana kila jioni naichapisha orodha ya kesho yake. Niliwashikilia tuandikiane kwamba programu na data ni mali yetu, kwamba nakala ya akiba inachukuliwa kila usiku, na kwamba naweza kupakua kila kitu kama faili ya Excel siku tutakayoachana. Hayo wameyatimiza.

Nawapa nne kwa tano. Tangu tuanze, hatujaahidi kiti kimoja kwa watu wawili. Anayewataka vijana hawa apite dukani, nitamwelekeza.

Ile orodha ya jioni ina mtu wake. Mamangu hataki kutazama skrini, anasema inamuumiza macho, kwa hivyo karatasi inakwenda kwake naye anahakiki kwa kalamu, akisimama stoo kwenye rafu. Alhamisi iliyopita karatasi ilisema miko na pawa za agizo la Mtongwe zimerudi zote, kwa kuwa dereva alishabonyeza "imepokewa" akiwa bado garini. Mama alizihesabu mara mbili, akaniita, "Njoo, mwanangu, upawa mmoja haupo." Nikapiga simu. Ulipatikana Jumatatu, ndani ya sufuria la kwao lililooshwa na kufunikwa.