Gemu ya mezani ya Vita vya Pili: kadi za adui ni moto, ila Marekani wameiharibu

Aisee hii gemu tumeshaicheza mara sita kwa hiyo siandiki kwa hasira za kufungwa mara moja. Ni ramani ya dunia ubaoni, vijeshi vya plastiki, dadu, watu watano kila mmoja anashika nchi yake, 1939 mpaka 1945. Gemu nyingi za aina hii ukishika nchi adui umeshapangiwa, kazi yako kurusha dadu tu. Hii hapana, kabla hujampiga mtu lazima utoe kadi ya kutangaza vita na kadi inalipiwa, kwa mafuta au meli au uvumilivu wa washirika wako. Hapo ndo iliponikamata.

Mchezo wa kwanza nimeshika Muingereza. Septemba 1939 Mjerumani kaingia Poland, natoa kadi, poa. Tarehe 17 mwezi huo huo Mrusi naye huyoo anaingia Poland kutokea mashariki, jamaa mmoja mezani akadakia haya mtangazie na huyu basi, si mliahidi kuilinda Poland? Nageuza kadi ya mkataba, kumbe nyuma kuna maandishi madogo kwamba ahadi ni dhidi ya Ujerumani tu! Tukabishana mpaka tukaenda kutafuta na ni kweli kabisa, mkataba wa Uingereza na Poland wa 25 Agosti 1939 ulikuwa na kiambatisho cha siri kinachosema hivyo. Walioitengeneza hii kitu wamesoma. Na hata bila kiambatisho piga hesabu mwenyewe, ukimtangazia Mrusi unamsukumia kwa Mjerumani, halafu utawapiga wote wawili kwa jeshi lipi?

Ila msidhani Muingereza alikuwa na akili muda wote. Baridi ile ile Mrusi alipoivamia Ufini, yeye na Mfaransa walikaa chini kabisa kupanga kupeleka askari huko, mpaka mipango ya kulipua visima vya mafuta vya Mrusi kule Baku ikachorwa, Ufini ikakubali yaishe Machi 1940 ndo wakanusurika. Sasa njoo 1941, Mjerumani kamvamia Mrusi, Ufini iko upande wa Mjerumani, na Desemba Muingereza huyo huyo anaitangazia Ufini vita kwa ajili ya Mrusi. Kadi hiyo imo kwenye gemu na haina jeshi hata moja, unaitoa kumfurahisha Stalin basi. Nilicheka sana.

Nyingine tamu ni njia ya Vladivostok, bandari ya Mrusi upande wa Pasifiki. Mjapani na Mrusi walisaini Aprili 1941 kwamba hawagusani, matokeo yake meli zenye bendera ya Urusi zinabeba misaada ya Mmarekani zinapita mbele ya macho ya Mjapani, ambaye yuko vitani na huyo huyo Mmarekani, na anaziacha zipite. Ukiwa umeshika Mjapani mikono inakuwasha kweli kweli, lakini ukizigusa umejifungulia vita na Mrusi Siberia na huku askari wako wamekwama China tangu 1937.

Sasa kasoro, na hii imeniuma. Mjapani akipiga Pearl Harbor, kambi ya meli za Mmarekani kule Hawaii, gemu inamuingiza Mmarekani vitani na wote, Mjerumani na Mtaliano humo humo, otomatiki. Hapana jamani. Tarehe 8 Desemba 1941 bunge la Marekani lilimtangazia Mjapani peke yake. Zikapita siku tatu, tarehe 11 Hitler ndo akatangaza mwenyewe, na mkataba wa 1940 wa Mjerumani, Mtaliano na Mjapani wala haukumlazimisha maana ulihusu kumsaidia mwenzako akishambuliwa, hapa Mjapani ndo kashambulia. Hiyo ingekuwa zamu kali kuliko zote, Mjerumani kakaa na kadi mkononi jasho linamtoka, atangaze au anyamaze. Wao wameifuta!

Halafu eti Mmarekani anapata pointi mbili za ziada akimshughulikia Mjapani kwanza, kisa hasira za wananchi. Hasira zilikuwepo sikatai, lakini Admirali Stark, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, alishaandika tangu Novemba 1940 kwamba Mjerumani aanze kupigwa, na Rais Roosevelt na Churchill wa Uingereza wakalikubali hilo Washington wiki chache tu baada ya Pearl Harbor, kwa sababu Mjerumani aliweza kuwatoa vitani Muingereza na Mrusi, Mjapani asingeweza. Ni kweli kwenye utekelezaji walichanganya, vita ya kisiwa cha Guadalcanal dhidi ya Mjapani ilianza Agosti 1942 wakati Afrika Kaskazini kwa Mjerumani wamefika Novemba, na Admirali King, aliyemrithi Stark, hakuacha kuvutia meli Pasifiki. Pointi moja ningeelewa. Mbili hapana.

Kwetu tumeifuta hiyo otomatiki, Mjerumani anapewa zamu tatu za kuamua, na imekuwa gemu nyingine kabisa, juzi kanyamaza na Mmarekani hakuleta hata kifaru kimoja Ulaya mpaka 1943.

Mengine madogo: kitabu cha sheria herufi zake zinaua macho, dadu moja ilikuja imemeguka, na boksi limeandika masaa matatu, weka matano.

Nyota tatu na nusu. Jumamosi nashika Mjapani tena, mara ya mwisho nilijifanya naenda kaskazini kwa Mrusi badala ya kusini kwenye mafuta ya koloni la Waholanzi (Indonesia ya leo), kama vile sijasikia Mjapani alivyopigwa na Mrusi Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, 1939, kufika zamu ya nne meli zangu zote zimelala bandarini hazina hata tone.