Kisanduku cha Kujengea DNA: Tathmini Baada ya Muhula Mmoja Darasani

Mwezi Julai nilinunua kisanduku cha kujengea modeli ya DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi katika seli, katika duka moja la vifaa vya maabara katikati ya jiji la Mwanza, kwa shilingi 95,000 zilizotoka mfukoni mwangu, kwa kuwa fungu la idara ya Baiolojia lilikuwa limekwisha kwenye kemikali na slaidi za hadubini. Nimekitumia muhula mzima na wanafunzi wa Kidato cha Tano wa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) katika shule iliyo upande wa Nyegezi, na ninaandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa Kanda ya Ziwa wanaojiuliza kama fedha hiyo ni halali kuitoa. Kwa maoni yangu ni halali. Hata hivyo, kisanduku kina kosa moja kubwa ambalo mwalimu asipolirekebisha kabla ya kukiingiza darasani, wanafunzi watajenga kitu cha kupendeza ambacho hakiwezi kujinakili.

Ndani mna vipande vya plastiki vya kutosha kujenga jozi 12 za besi: sukari nyeusi zenye pembe tano, fosfeti nyekundu, na besi za rangi nne, ambazo ndizo herufi za DNA, yaani adenini (A), thaimini (T), guanini (G) na sitosini (C). Mna pia ubao wa kadibodi wenye mchoro wa ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), tepu za RNA mjumbe (nakala ya jeni inayopelekwa kwenye ribosomu), vipande vya RNA chukuzi (inayoleta amino asidi), shanga za amino asidi (viungo vya kujengea protini), na kijitabu cha kurasa nane.

Nianze na kilichotengenezwa vizuri kuliko vyote, nacho ni besi zenyewe. Adenini na thaimini zimepewa vijino viwili, guanini na sitosini vitatu, sawasawa na idadi ya vifungo vya haidrojeni vinavyozishikanisha katika DNA halisi. Adenini na guanini, ambazo kikemia zina pete mbili, zimefanywa ndefu. Thaimini na sitosini, zenye pete moja, ni fupi. Siku ya kwanza sikueleza chochote. Niliwagawia vipande nikawaambia wajenge ngazi ambayo upana wake haubadiliki. Msichana mmoja wa meza ya mbele alioanisha adenini na guanini, akaona ngazi inavimba katikati. Akajaribu thaimini na sitosini, akaona nguzo mbili zinavutana hadi ngazi inabonyea. Alipojaribu guanini na thaimini urefu ulikubali, lakini kijino cha tatu kilikosa tundu, na kipande kikawa kinacheza kwenye vidole vyake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ndani ya robo saa darasa zima lilikuwa limefikia kanuni ambayo Erwin Chargaff aliiona katika vipimo vyake, kwamba kiasi cha adenini hulingana na cha thaimini, na cha guanini na cha sitosini. Nimefundisha kanuni hiyo kwa chaki miaka mingi, na sijawahi kuona wanafunzi wakiitetea kwa nguvu namna ile.

Sasa kosa. Nyuzi mbili za DNA hukimbia kwa kupishana: uzi mmoja ukianzia ncha ya 5' kwenda ncha ya 3', mwenzake huelekea upande wa pili, kama magari mawili yanayopishana Barabara ya Kenyatta. Namba hizo hutokana na mahali pa atomu za kaboni katika sukari, na ndiyo maana sukari ina mbele na nyuma. Katika kisanduku hiki sukari haina mbele wala nyuma; matundu yake mawili yanafanana kabisa, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mwanafunzi kujenga nyuzi zote mbili zikielekea upande mmoja. Kibaya zaidi, mchoro wa ukurasa wa tatu wa kijitabu unaonyesha mishale miwili, yote ikielekea juu. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo la kuchorachora. Si dogo, kwa sababu kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, DNA polimeresi, huongeza nyukleotidi, yaani besi pamoja na sukari na fosfeti yake, kwenye ncha ya 3' peke yake. Ukiikosea mishale, ugumu wote wa unakilishaji unatoweka, na mwanafunzi hataelewa kwa nini seli inahitaji hatua nyingi hivyo.

Nililirekebisha kwa rangi ya kucha. Nilitia nukta nyeupe upande mmoja wa kila sukari, tukakubaliana kuwa nukta ni ncha ya 3', kisha nikawapa vibanio viwili vya nguo kuwa polimeresi, vyenye sharti moja: kibanio kinaongeza kipande penye nukta tu. Kwa kuwa vipande havitoshi kunakili jozi zote 12, tulijenga jozi 6, tukafungua 3 za kwanza. Vibanio vyote viwili vilifanya kazi bila shida, kimoja kikielekea panapofunguka, kingine kikiondoka hapo. Tulipofungua jozi 3 zilizobaki, kibanio cha kwanza kiliendelea na safari yake. Kijana aliyekuwa na kibanio cha pili alikiinua, akakishikilia hewani, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimeshafika mwisho, na kazi mpya iko nyuma yangu." Ikabidi arudi panapofunguka, aanze kipande kingine, na kati ya vipande viwili pabaki mwanya. Mwanya huo ndio unaozibwa na kimeng'enya ligesi, na vipande hivyo vifupi vinaitwa kwa jina la Okazaki, mume na mke, Reiji na Tsuneko, watafiti wa Japani waliovigundua katika miaka ya 1960. Ningeweza kulieleza hilo kwa maneno juma zima bila kupata sentensi safi kama ile ya kijana yule.

Kipindi chote cha dakika 40 kiliishia kwenye nakala ya jozi 6. Bakteria Escherichia coli hunakili takriban nyukleotidi 1,000 kwa sekunde. Niliwaambia takwimu hiyo wakiwa bado wamevishika vibanio, na darasa likanyamaza.

Kabla ya kubomoa nakala zile mbili niliwaomba wazitazame kwa makini. Nyuzi za zamani nilikuwa nimezifunga uzi wa cherehani, na kila nakala ilikuwa na uzi mmoja uliofungwa na mmoja usiofungwa. Hayo ndiyo waliyoyathibitisha Matthew Meselson na Franklin Stahl mwaka 1958 kwa kuotesha bakteria katika naitrojeni nzito na kuwahamishia katika ile nyepesi. Kijitabu hakiwataji kabisa, ingawa kisanduku chenyewe kinalifanya jaribio lao lieleweke kirahisi mno.

Picha ya juu ya kisanduku nayo ina kasoro. Msokoto wake unakwenda kushoto, ilhali DNA ya kawaida katika seli husokotwa kulia. Kulihakikisha hilo hakuhitaji vitabu: chukua parafujo yoyote ya kawaida kutoka kwa fundi, iweke wima kando ya picha, ulinganishe mteremko wa mikato yake na wa nyuzi. Parafujo na DNA hukubaliana. Picha ndiyo iliyopotoka.

Sehemu ya pili, ya utengenezaji wa protini, ni dhaifu kuliko ya kwanza, lakini sijutii kuwa nayo. Unukuzi wenyewe, yaani kunakili DNA kuwa RNA mjumbe, umerukwa: tepu za RNA mjumbe zimekuja zikiwa zimechapwa tayari, kwa hiyo mwanafunzi haoni uzi wa DNA ukisomwa wala thaimini ikiachia urasili (U), besi ya RNA, nafasi yake. Nilizitupa kando nikakata tepu za karatasi ya manila, wanafunzi wakazinakili wenyewe kutoka kwenye modeli, kisha wakazibeba kutoka meza tuliyoiita kiini cha seli hadi meza ya dirishani yenye ribosomu. Ubao wa ribosomu umechorwa vizuri. Tepu inateleza kodoni moja, yaani herufi tatu, baada ya nyingine, RNA chukuzi inaingia na antikodoni yake, herufi tatu zinazooana na kodoni, ushanga unaungana na ushanga, na chukuzi iliyomaliza kazi inatoka upande wa pili.

Tatizo ni ushanga mweusi ulioandikwa kuwa ni wa mwisho, wenye RNA chukuzi yake. Kitu hicho hakimo katika seli. Kati ya kodoni 64, kodoni 61 zinawakilisha amino asidi. Tatu zilizobaki, UAA, UAG na UGA, kwa kawaida hazina chukuzi wa kuzipokea. Ribosomu ikifika hapo huingia protini maalumu inayoachilia mnyororo. Mwanafunzi mmoja alihesabu rangi za shanga akaniuliza kama amino asidi ni 20 au 21, na swali lake lilikuwa halali kabisa kwa mtu aliyekiamini kisanduku. Toeni ushanga huo kabla ya siku ya kwanza.

Somo nililolithamini kuliko yote halimo katika kijitabu. Huku kwetu Kanda ya Ziwa selimundu si ugonjwa wa kusoma kwenye vitabu tu. Darasani mwangu yupo mwanafunzi ambaye mdogo wake huhudhuria kliniki Bugando. Tulijenga jozi tatu za kodoni ya sita ya jeni ya beta-globini, mnyororo mmojawapo wa himoglobini ya damu. Uzi wa kiolezo, yaani uzi wa DNA unaonakiliwa kuwa RNA, ukisomeka CTC, RNA mjumbe inapata GAG, na ribosomu inaweka asidi ya glutamiki. Kisha nikamwomba yeye mwenyewe abadilishe jozi ya katikati, aweke adenini palipokuwa na thaimini na thaimini palipokuwa na adenini. Kiolezo kikawa CAC, RNA mjumbe GUG, na ushanga ukawa wa valini. Mnyororo huo una amino asidi 146, na umebadilika mmoja. Mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu hupinda kama mundu zinapopungukiwa oksijeni. Alikaa akikishika kile kipande cha adenini kwa muda, akakigeuza, akauliza kama hiki ndicho chote. Nilimjibu kuwa kwa upande wa herufi, ndicho chote, na hakuna mtu nyumbani kwao aliyefanya kosa.

Katika historia kijitabu kinawataja James Watson na Francis Crick, walioeleza umbo la DNA, na mwaka 1953, kisha kinafunga ukurasa. Ni haki mwanafunzi asikie pia jina la Rosalind Franklin, ambaye chini ya usimamizi wake Raymond Gosling alipiga mwaka 1952 picha ya eksirei iliyodhihirisha umbo la msokoto, na aliyefariki mwaka 1958, miaka minne kabla ya Watson, Crick na Maurice Wilkins kupewa Tuzo ya Nobel.

Kuhusu uimara, vijino vinne vimevunjika katika muhula mmoja, vyote vya sitosini, nadhani kwa kuwa plastiki ya rangi hiyo ni nyepesi zaidi. Fosfeti zinakaza mno zikiwa mpya. Kuziloweka katika maji ya vuguvugu kunasaidia. Kisanduku kimoja kinatosha wanafunzi sita hadi wanane, na darasa la arobaini litalazimika kupokezana. Mwezi Januari nitanunua cha pili, ili jozi 12 zinakiliwe zote kwa pamoja na wanafunzi wauone mzunguko mmoja kamili wa msokoto, ambao huchukua jozi 10 na ushei, ukitokea mara mbili juu ya meza.